Ilani si Ombi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Ila kuomba kile ambacho sheria imekwisha kutoa ni kujinyima haki. Nchini Kenya ni kawaida kusikia kwamba waandalizi wa maandamano wamekwenda kituoni "kuomba kibali". Ilhali tangu marekebisho ya mwaka 1997, Sheria ya Utulivu wa Umma haidai kibali bali ilani. Mwandalizi humjulisha mkuu wa kituo siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe, akitaja jina na anwani yake, tarehe, saa na njia itakayofuatwa. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kimeikita haki hiyo.

Kufunga barabara ni suala jingine. Barabara ni ya wote, akiwemo mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Hapo idhini ya mamlaka inayoisimamia haina budi kuombwa, na polisi wa trafiki kuarifiwa mapema ili waelekeze magari kwingine.

Neno likikosewa, haki hugeuka hisani. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi wanafunzi wa Kiswahili na waziandike ilani hizo, zikianza kwa "Tunawajulisha", si "Tunawaomba".