Uwanja mmoja kwa Karagwe na Kyerwa: ukae wapi?

Shabiki wa soka anayeishi Murongo, pale Mto Kagera unapoitenga Tanzania na Uganda, akitaka kuangalia mechi kwenye Uwanja wa Kaitaba hupitia Isingiro, Nkwenda, Omurushaka na Kyaka ndipo aingie Bukoba. Kutoka Bugene peke yake safari inazidi kilomita 100. Wakati huo huo mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huibua vipaji kila mwaka, na vijijini timu hugombea mbuzi mbele ya umati uliosimama juani tangu mchana. Hoja ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kuwa na uwanja wa pamoja wenye majukwaa, vyoo na nyasi zinazohimili mvua haihitaji utetezi mrefu. Kazi iko kwenye swali la pili: ujengwe wapi?

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa, tofauti isiyofika 11,000. Kwa hiyo anayetaka uwanja uende kwake kwa madai kwamba ndiko waliko watu, takwimu hazimbebi. Wala haitoshi kusema Kayanga ndiyo makao makuu ya tangu zamani. Karibu nusu ya watu wa eneo hili hawaishi Karagwe.

Hapo ndipo uchambuzi wa kijiografia unapofaa. Mtaalamu huchukua ramani kadhaa za eneo lile lile, yaani mwinuko, mito na mabwawa, makazi, barabara, umeme na maji, kisha huzipandisha moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Kila kipande cha ardhi hupewa alama kwa kila kigezo, vigezo hupewa uzito, na jumla yake huonyesha maeneo ya kwenda kukaguliwa kwa miguu.

Mteremko ndio mtihani wa kwanza katika nchi hii ya vilima. Uwanja wa kawaida wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukilazwa kwa urefu kwenye mteremko wa asilimia 5, lango moja litakuwa juu ya lenzake kwa zaidi ya mita 5. Mteremko ukiwa asilimia 15, tofauti hiyo inakaribia mita 16, kimo cha ghorofa tano. Udongo wote huo lazima ukatwe upande mmoja na kujazwa mwingine, kisha ujengewe kuta za kuuzuia usiporomoke mvua za masika na vuli zikishuka. Fedha ya majukwaa inaweza kuishia ardhini kabla jiwe la kwanza la ukuta halijaonekana.

Ila maumbile yameacha nafasi nzuri. Karagwe iko karibu sana na ikweta, na mechi nyingi huanza saa 10 jioni. Uwanja ukielekea mashariki na magharibi, kila kipindi kipa mmoja atapambana na jua usoni. Lazima magoli yakae kaskazini na kusini. Safu nyingi za vilima vya Karagwe nazo zinakwenda takribani kaskazini hadi kusini. Uwanja ukifuata ubavu wa kilima, mteremko unakatiza upana wake, si urefu. Kwa asilimia 5 ile ile, tofauti inashuka hadi mita 3.4. Ni akiba kubwa ya udongo, na inapatikana kwa kusoma ramani vizuri tu.

Mtego uko mabondeni. Ramani ya mwinuko peke yake itasifia ardhi tambarare ya chini, wakati nyingi ni tindiga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na hata bila sheria, uwanja uliojengwa kwenye njia ya maji utakuwa bwawa kila Aprili. Penye nafuu palipobaki, mara nyingi ni kibanja cha mtu. Picha ya setilaiti huonyesha kijani cha migomba na kahawa. Haionyeshi makaburi ya wazee waliozikwa humo. Hicho ni kigezo ambacho mkutano wa kijiji pekee ndio unaoweza kukiingiza kwenye hesabu, na kuupuuza ni dhuluma.

Umbali nao upimwe kwa muda wa safari, si kwa rula. Kilomita 20 za lami na kilomita 20 za udongo mwekundu uliolowa si kitu kimoja kwa bodaboda iliyobeba abiria wawili. Lami ya Kyaka–Bugene inaipa Kayanga na Omurushaka nguvu kubwa. Barabara ya Omugakorongo–Kigarama–Murongo, lami ikitandazwa yote, itaibadilisha hesabu kwa faida ya Kyerwa. Uwanja hudumu miongo kadhaa, kwa hiyo barabara zilizo kwenye mipango nazo ziingie kwenye ramani.

Tetemeko la ardhi lililoikumba Kagera 10 Septemba 2016 liliongeza kigezo ambacho wengi hawakuwa wakikifikiria. Kaitaba ndipo wakazi walipokusanyika kuwaaga marehemu. Uwanja ni mahali pa kukutania mji unapoumia, hivyo ukaribu wa hospitali, kama ile ya Nyakahanga, na uimara wa miamba chini ya majukwaa vinastahili uzito.

Nani anaamua uzito huo? Cape Town ilipojiandaa kwa Kombe la Dunia la 2010, kitongoji cha Athlone, karibu na makazi ya mashabiki wengi wa soka, kilijadiliwa kama mahali pa kujenga uwanja. Uwanja ukaenda Green Point, kando ya bahari, ambako mandhari ya Mlima wa Meza hupendeza kwenye runinga. Kompyuta ingeweza kutetea chaguo lolote kati ya hayo mawili kulingana na kigezo kilichopewa kipaumbele.

Kwa hiyo mabaraza ya madiwani ya wilaya zote mbili yapange uzito kwa pamoja, hadharani, kabla eneo lolote halijatajwa. Muda wa safari wa mashabiki na wanafunzi upewe nafasi ya kwanza, na utafutaji uanzie ukanda wa Omurushaka hadi Nkwenda. Gharama ya hatua hiyo ni ndogo: vipimo vya mwinuko vya SRTM, picha za setilaiti za Sentinel-2 na programu ya ramani ya QGIS vinapatikana bure, na maofisa ardhi wa halmashauri wanaweza kuanza navyo kabla ya bajeti ijayo.