Risala ya Waendesha Bodaboda wa Njia Panda ya Usagara

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa Kata ya Usagara, wazee wetu na abiria wetu,

Sisi tunaosoma risala hii tunaegesha hapa njia panda, barabara ya Mwanza inapogawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kigongo. Wamesaini pamoja nasi mwalimu mmoja, muuguzi mmoja na mama lishe wawili, kwa kuwa pikipiki ndiyo daladala ya vijiji ambavyo daladala haifiki.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, abiria wa Sengerema na Geita anavuka ziwa akiwa ndani ya basi. Daraja tunalifurahia kwa dhati. Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando usiku hasubiri tena kivuko, na baadhi ya wagonjwa hao ni ndugu zetu. Lakini safari fupi za kumuwahisha mtu gatini zimetutoka, na sasa tunategemea safari za vijijini, ndefu na zenye makorongo.

Huko ndiko petroli inakotumaliza. Kijana anayezunguka kilomita 120 kwa siku anachoma lita tatu hivi, na mwaka 2025 lita moja Mwanza ilikaribia shilingi 3,000. Hiyo ni kama 9,000 kabla ya hesabu ya bosi. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei, kijiwe kizima kinainamia simu. Bei ikipanda, mama anayepeleka mtoto kliniki hana cha kuongeza kwenye nauli, nasi hatuwezi kumwacha barabarani.

Aliye kwenye mkataba wa kulipa hesabu mpaka pikipiki iwe yake ana mzigo zaidi. Mwenzetu alilipa hesabu miezi kumi na moja. Mwezi wa mwisho akaugua wiki mbili. Pikipiki ikachukuliwa, akarudi kijiweni kwa miguu. Hakurudishiwa hata shilingi.

Mheshimiwa, pikipiki ya umeme kwa kilomita zilezile inahitaji uniti tano hivi. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, isiyofika shilingi 400 kwa uniti, haizidi 2,000. Haidai oili ya injini wala plagi. Gesi inayoendesha bajaji za Dar es Salaam haina bomba la kuifikisha huku ziwani, ila nyaya za TANESCO zinapita juu ya vichwa vyetu, na Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Majirani zetu wa Kigali, tangu Januari 2025, hawasajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa biashara ya abiria. Hatuombi kulazimishwa hivyo. Anayemiliki pikipiki ya petroli aachwe aitumie mpaka ichoke.

Tunachodai kwanza ni betri. Betri ikiisha saa saba mchana, dereva hawezi kukaa kwa muda wa saa nne akisubiri ijae wakati abiria wanapita. Halmashauri ya Wilaya ya Misungwi itutengee eneo hapa njia panda, pawekwe mita na banda la kubadilishia betri: unaacha tupu, unachukua iliyojaa, unaondoka. Kituo kama hicho kiwepo pia Kigongo, la sivyo anayepeleka abiria kule atarudi akisukuma.

Pili, mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ifikie vikundi vya madereva kwa ajili ya pikipiki hizi za umeme, ambazo bei yake ya kununulia bado inatushinda. Na mikataba yote ya hesabu iandikwe mbele ya mtendaji wa kata, ikitaja wazi dereva anarudishiwa nini akinyang'anywa. Hili la mkataba tunaomba lianze hata kabla ya umeme, maana wapo wenzetu hapa waliobakiza wiki chache.

Mwisho ni skuta ndogo za umeme. Muuguzi wetu anataka kununua moja ya kwenda zamu na kuichaji nyumbani. Ameuliza kama inahitaji namba na leseni, akapewa majibu matatu tofauti. LATRA, TRA na Jeshi la Polisi watupe jibu moja kwa maandishi, libandikwe ofisi ya kata, ili anunue akijua.

Tunaomba kuwasilisha.