Podil: Si makombora pekee yanayotishia mtaa mkongwe wa Kyiv

TANGU Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022, hofu kuhusu majengo ya kale ya Kyiv imeelekezwa kwenye makombora. Septemba 2023, UNESCO iliingiza Kanisa Kuu la Mtakatifu Sofia na monasteri ya Pechersk Lavra katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Orodha hiyo haiutaji Podil, mtaa mkongwe ulioko kando ya Mto Dnipro.

Hata hivyo, Podil nao una hatari yake, iliyotangulia vita hivyo: thamani ya ardhi.

Ikumbukwe kuwa watawala walikaa juu kilimani, ilhali mafundi na wafanyabiashara waliishi chini, karibu na maji. Uchimbaji wa mwaka 1972, wakati wa ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, ulifukua nyumba za magogo, baadhi zikiwa za karne ya 9. Moto wa mwaka 1811 uliteketeza sehemu kubwa ya mtaa, lakini haukuyafikia yaliyofukiwa na tope.

Mwaka 2015, katika ujenzi wa kituo cha biashara cha chini ya ardhi kwenye Uwanja wa Poshtova, wataalamu wa mambo ya kale walikuta mabaki ya mbao ya makazi ya zama za kati. Wanaharakati walilinda eneo hilo wakidai lifanywe makumbusho, na mgogoro ukafika mahakamani.

Wanaotetea ujenzi wana hoja: Podil ulizaliwa sokoni, na mji usiofanya biashara hauna fedha za kutunza urithi wake. Lakini duka linaweza kujengwa kwingine. Mtaa wa kale hauhamishiki bila kupoteza maana yake.

Aidha, muda wenyewe si rafiki. Mbao hizo zilidumu kwa karne nyingi kwa sababu tope lenye maji liliziba hewa. Zikishafukuliwa, hukauka, hupasuka na kuoza zisipohifadhiwa kitaalamu, kazi inayohitaji fedha nyingi. Nchi iliyo vitani itatanguliza ulinzi, na hakuna wa kuilaumu kwa hilo.

Ndiyo maana kuahirisha uamuzi kuhusu mabaki ya namna hii nako ni uamuzi. Kama fedha za makumbusho hazipo, hatua ya chini kabisa ni kuyafunika upya kitaalamu na kuzuia ujenzi juu yake, hadi amani itakaporejea.