Kungoja Nako ni Kuamua



Wapendwa waamini, wiki hii tunapenda tutafakari pamoja juu ya udanganyifu usioletwa na tapeli yeyote, kwa kuwa tunaufanya sisi wenyewe: kujidanganya kuhusu kazi na kipato chetu.

Hapa Majengo, kama kwingineko Mpanda, njia za riziki ni nyingi. Wapo wanaolima mahindi na mpunga, wapo waendao kwenye machimbo madogo ya dhahabu, wapo wenye vibanda, na wapo vijana wenye vyeti wanaosubiri ajira. Hakuna njia ya aibu kati ya hizo. Wala hatusemi kwamba ajira ni tele, au kwamba kila maskini ni mzembe. Kusema hivyo ni kumwonea mtu.

Shida huanza pale mtu anapozitamani njia zote asishike hata moja. Njia mbili zilimshinda fisi. Mvua za Novemba zikianza, yeye anawaza machimbo. Akifika machimboni, analiwaza shamba lililomezwa na magugu. Akiulizwa, hujibu, "Naangalia kwanza." Mwaka unakwisha akiangalia. Huyo asidhani kwamba hajaamua. Amekwisha kuamua kula jasho la mama yake, ila hajataka kulisema.

Uongo wa pili umo katika hesabu. Mchimbaji huikumbuka siku aliyopata dhahabu, akazisahau wiki alizorudi mikono mitupu. Mkulima naye hushangilia fedha za mavuno. Tuseme ameuza mpunga kwa shilingi 900,000. Kodi ya shamba, mbegu, palizi, uvunaji na usafiri vimekula 780,000. Zimebaki 120,000 kwa miezi sita, yaani shilingi 20,000 kwa mwezi, na jasho lake mwenyewe hajalihesabu. Pengine aendelee kulima, pengine apunguze gharama, pengine aongeze ufugaji wa kuku. Lakini atachaguaje iwapo hajui? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha njia nyepesi ya kuupima uamuzi mgumu. Mtu ajiwazie amejiwa na mgeni asiyemfahamu kabisa, mwenye swali lile lile linalomsumbua. Angemshauri nini? Kisha shauri hilo alishike mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake huliona mara moja. Ndiyo maana njia hii huvunja uongo wetu.

Wengine hawaamui kwa hofu ya kukosea, kana kwamba kuchagua kazi ni kufunga ndoa. Ndoa haivunjwi, kazi hubadilishwa. Tuitazame reli yetu itokayo Kaliua. Ilijengwa karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi huo ukafungwa mwaka 1960. Reli haikung'olewa. Ilibeba abiria na mazao, na vizazi vya watu wa Mpanda vimesafiri juu yake. Ndivyo ilivyo kwa stadi anayojifunza mtu: mzigo wa kwanza ukikoma, hubeba mwingine. Aliyejifunza kutunza hesabu za duka hatashindwa kutunza za shamba. Lakini reli ambayo haikujengwa haibebi kitu.

Basi, kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu achukue daftari na kuandika yaliyoingia na yaliyotoka katika msimu uliopita, bila kujipendelea. Kisha achague jambo moja na kulipa muda maalumu, tuseme msimu mmoja, ndipo alipime tena. Amweleze pia mwenzi wake au ndugu wa jumuiya ndogo ndogo, kwa maana uamuzi wa siri ni rahisi kuusahau. Tusali kuomba mwanga. Na mwanga ukija, tusifumbe macho.

Mungu awabariki nyote.