Kompyuta isiyowaka si lazima iwe imekufa

Natoa maoni yangu juu ya kompyuta zinazofungiwa stoo katika shule zetu za vijijini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tabora. Shule yetu ilipewa kompyuta 4 na wafadhili. Haukupita muda mrefu 3 zikagoma kuwaka. Fundi mmoja wa mjini akatuambia hazifai tena, tununue nyingine. Zikafunikwa magunia, na watoto wakaendelea kujifunza kompyuta kwa kuchorewa ubaoni. Tulipozikagua wenyewe tukakuta moja waya wake wa umeme umekatikia ndani, na nyingine imejaa vumbi. Hizo mbili leo zinafundisha. Ya tatu tu ndiyo mbovu kweli.

Ndugu Mhariri, kukagua mashine hizi hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Kunahitaji utaratibu. Kama ukibonyeza swichi hakuna taa wala feni inayozunguka, tatizo liko kwenye umeme. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inafanya kazi. Kisha jaribu waya mwingine, na utazame swichi ndogo iliyo nyuma ya mashine, maana mara nyingi watoto huizima wakati wa kufagia.

Kama feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, hakikisha kwanza kwamba kioo chenyewe kina umeme na waya wake haujalegea. Vikiwa salama, zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu wake na upanguse vumbi kwa brashi laini. Gusa chuma cha kasha kwanza, kisha chomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, safisha meno yake taratibu kwa raba safi ya kufutia, na ukirudishe mpaka kikae sawasawa. Huku kwetu kiangazi kina vumbi jingi, na dawa hii huponya mashine nyingi.

Kama maandishi yanatokea kisha mashine inasimama, angalia kama kuna flashi iliyosahauliwa. Ikiwa saa na tarehe hupotea kila mara, kuna betri ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3, ambayo hubadilishwa kwa fedha kidogo. Ila natahadharisha: kile kisanduku kinachoingiza umeme kisifunguliwe na mtu asiye fundi. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Historia yetu inatufundisha. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya kazi ya hesabu iliyotegemewa kufanywa na mashine hizo kwenda mrama. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa, lakini fundisho limebaki: mashine isiyo na wenyeji wanaoijua ni mzigo kwa taifa.

Na sisi wa Tabora tunajua habari za mizigo. Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na Wanyamwezi ndio waliobeba. Pale Kwihara, mwaka 1872, Livingstone alikaa tangu Machi hadi Agosti akingoja wapagazi waletwe kutoka pwani ndipo aendelee na safari. Je, na sisi tukae miezi mitano tukingoja fundi wa kuja kutuambia kwamba waya umekatika?

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vya ualimu vifundishe kutunza na kukagua kompyuta, si kuitumia tu. Pili, kila anayetoa msaada wa kompyuta atoe pia vifaa vidogo: waya za akiba, betri za saa, brashi na bisibisi, pamoja na mafunzo ya siku mbili kwa walimu wawili wa shule husika. Tatu, kila wilaya iwe na fundi mmoja anayezungukia shule angalau mara moja kwa muhula, ili hata yale yanayotushinda sisi walimu yasisubiri mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu kazi yake ni chaki. Nawauliza: mtoto wa Uyui au Sikonge atashindana vipi na mwenzake wa mjini ikiwa kompyuta yake imelala chini ya gunia kwa kukosa waya? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahusika walitazame jambo hili mapema.

Mwalimu wa Kijiji,
Tabora.