Kura yako ina uzito gani? Inategemea unaishi wapi

Kila Wamarekani wanapochagua rais, vijana wa mjini tunakesha mbele ya runinga utadhani anachaguliwa diwani wetu, na kila mara linarudi swali lile lile: inakuwaje mwenye kura nyingi anashindwa? Jamaa mmoja wa chumba chetu cha habari ana jibu lake la siku zote: "Hiyo ni demokrasia iliyokomaa, hamuwezi kuielewa." Mimi nimekaa nikaielewa, na ndiyo maana siipendi.

Kwa kifupi ni hivi. Mmarekani hamchagui rais wake moja kwa moja. Novemba anachagua wajumbe wa jimbo lake, na wajumbe hao, 538 kwa nchi nzima, ndio wanaompigia rais kura Desemba. Mwenye 270 ameshinda. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukijumlisha maseneta wake wawili. Mji mkuu, Washington, una wajumbe watatu. Halafu kuna utaratibu wa mshindi kuchukua vyote: ukiongoza jimbo hata kwa kura moja, unabeba wajumbe wote. Ni Maine na Nebraska tu wanaogawana.

Matokeo yake mnayajua. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya 500,000 nchi nzima, akarudi nyumbani, kwa sababu Bush alipewa Florida kwa tofauti ya kura 537 baada ya Mahakama ya Juu kusimamisha kuhesabu upya. Kura 537! Hao ni abiria wa mabasi tisa ya mkoani. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, akapata wajumbe 227 dhidi ya 304.

Watetezi wanasema mfumo huu unalinda majimbo madogo. Tuangalie. Kwa sensa ya 2020 Wyoming ina watu wasiofika 577,000 na wajumbe watatu, yaani mjumbe mmoja kwa watu kama 192,000. California ina watu milioni 39.5 na wajumbe 54, mjumbe mmoja kwa watu zaidi ya 730,000. Mtu mmoja wa Wyoming ana uzito wa karibu watu wanne wa California. Haya, amelindwa. Lakini mgombea gani anakwenda Wyoming kuomba kura? Wote wanajazana Pennsylvania, Wisconsin, Michigan, Arizona na Georgia, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo dogo. Pennsylvania peke yake ina watu karibu milioni 13. Kinacholindwa hapo ni majimbo yasiyotabirika, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni kura zinazoyeyuka. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas, jimbo aliloshinda! California hakupata mjumbe hata mmoja. Joe Biden naye aliambulia patupu Texas, na kura zake zilikuwa zaidi ya milioni 5.2. Kwa hiyo msinitafutie chama hapa. Na fikiria jambo hili: hao milioni 6 wa California walihesabiwa kwenye sensa, wakaliongezea jimbo lao wajumbe, halafu wajumbe hao wakampigia mtu ambaye wao walimkataa.

Mwaka huohuo wa 2020 Biden aliongoza kwa kura zaidi ya milioni 7. Lakini alishinda Arizona, Georgia na Wisconsin kwa tofauti ya kura kama 43,000 tu ukizijumlisha zote. Majimbo hayo matatu yangeangukia upande wa pili, ingekuwa 269 kwa 269, na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lingekuwa na kura moja. Wyoming moja, California moja.

Kuna wanaoniambia waasisi walikuwa na hekima yao. Walikuwa na hesabu zao pia. Kwenye mkutano wa katiba wa mwaka 1787, James Madison wa Virginia, mwenyewe mmiliki wa watumwa, alikiri kwamba uchaguzi wa moja kwa moja ungewapunguzia nguvu watu wa kusini, kwa kuwa watumwa wao hawakupiga kura. Katika kugawa viti, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Viti vikazaa wajumbe.

Kama hofu ni rais wa upande mmoja, Wakenya wana dawa nyingine. Katiba yao ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Akikosa, wanarudia. Ugomvi wanao, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo, lakini hakuna kura inayotupwa kwa sababu imepigwa kaunti fulani.

Wamarekani wenyewe walijaribu. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho ya kufuta mfumo huu kwa kura 338 dhidi ya 70. Mwaka uliofuata yakazimwa Seneti. Tangu 2007, Maryland ikitangulia, majimbo kadhaa yamekubaliana kumpa wajumbe wao mshindi wa kura za nchi nzima, pindi yatakapofikisha wajumbe 270 kwa pamoja. Mwaka 2024 Trump alishinda kura za wananchi na za wajumbe, na wengi wakaona mjadala umekwisha. Hadi mwaka huo majimbo hayo yalikuwa na wajumbe 209. Kati ya yale matano yanayotembelewa na kila mgombea, hakuna hata moja lililokuwa limejiunga.