Majaribio ya awali ya dawa ya kingamwili dhidi ya mzio: neno “salama” lina uzito gani?

Tangazo kwamba dawa mpya “imeonekana salama katika hatua ya kwanza ya majaribio” hupokelewa na wengi kwa matumaini makubwa, ingawa ni wachache wanaoelewa kilichotangazwa hasa. Kwa mgonjwa wa pumu, au mzazi ambaye mtoto wake huvimba midomo kila alapo karanga, neno “salama” husikika kama ahadi kwamba tiba imepatikana. Kwa mamlaka zinazosimamia dawa, maana yake ni finyu zaidi: watu wachache waliochaguliwa kwa uangalifu wamepewa dozi fulani kwa muda fulani, na halikutokea jambo la kuzuia utafiti usiendelee.

Tofauti kati ya maana hizo mbili ina uzito katika maisha ya wagonjwa. Historia ya dawa za kingamwili zinazotibu mzio, hususan omalizumab iliyoidhinishwa nchini Marekani mwezi Juni 2003, inaonesha hatua ya kwanza inaweza kujibu nini, na ni maswali yapi hubaki wazi kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kingamwili ya kuidhibiti kingamwili

Mzio hutokea pale mfumo wa kinga unapokichukulia kitu kisicho na madhara, kama vile chavua, vumbi la nyumbani au protini ya chakula, kana kwamba ni adui. Kiungo muhimu katika kosa hilo ni kingamwili inayoitwa IgE, iliyotambuliwa mwaka 1966 na Kimishige Ishizaka na Teruko Ishizaka waliokuwa wakifanya utafiti nchini Marekani, na mwaka uliofuata na watafiti wa Uppsala, Sweden, waliofikia ugunduzi huo kwa njia yao. IgE hujishikiza juu ya seli zilizobeba histamini na kemikali nyingine. Mtu anapokutana tena na kinachomdhuru, seli hizo humwaga kemikali hizo, naye hupata muwasho, chafya na kifua kubana. Katika hali mbaya zaidi, shinikizo la damu hushuka ghafla na maisha huwa hatarini.

Wanasayansi waliona kwamba ikiwa IgE itadakwa ingali kwenye damu, kabla haijazifikia seli hizo, mnyororo mzima utakatika. Njia waliyoichagua ni kutengeneza kingamwili nyingine yenye kazi ya kuidaka IgE. Hata hivyo, wazo hilo lilibeba hatari ndani yake. Kama kingamwili ya dawa ingeishika IgE iliyokwisha kujishikiza kwenye seli, ingeweza kuziamsha seli zile zile zilizokusudiwa kutulizwa, na sindano ya kutibu mzio ingekuwa chanzo cha mzio. Kwa sababu hiyo, dawa hizi zilibuniwa ili zilenge sehemu ya IgE ambayo hufichika mara tu IgE inapojishikiza kwenye seli. Maabara ilionesha kwamba ubunifu huo unafanya kazi. Lililosalia ni kuthibitisha jambo hilo ndani ya mwili wa binadamu.

Watu 33, dozi nne

Mwaka 1997, jarida la Journal of Clinical Investigation lilichapisha matokeo ya moja ya majaribio ya mwanzo kabisa ya aina hiyo. Dawa iliyojaribiwa ilijulikana kwa namba ya maabara CGP 51901. Washiriki walikuwa watu 33 wenye mzio wa chavua. Baadhi yao walipewa dawa mara moja tu kupitia mshipa, katika dozi za miligramu 3, 10, 30 au 100, na wengine walipewa kimiminika kisicho na dawa ili kulinganisha.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Washiriki waliistahimili dawa vizuri. Katika dozi ya miligramu 100, IgE huru iliyomo kwenye damu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 96. Mshiriki mmoja tu ndiye ambaye mwili wake ulionesha dalili hafifu ya kuipinga dawa yenyewe. Aidha, ilibainika kwamba baada ya dozi hiyo kubwa, IgE ilichukua wastani wa siku 39 kurejea kwenye nusu ya kiwango chake cha awali.

Matokeo hayo ya mwisho yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Kidonge cha kawaida cha kutuliza mzio hutoka mwilini kwa muda mfupi, na madhara yakitokea mgonjwa huacha kukimeza. Kingamwili haitoki upesi hivyo. Kwa omalizumab, kwa mfano, nusu ya dawa huwa bado imo mwilini baada ya takriban siku 26. Dawa ikishaingia haiwezi kurudishwa, na ndiyo maana washiriki wa majaribio haya hufuatiliwa kwa wiki na miezi kadhaa, hata kama sindano yenyewe ni ya dakika chache.

CGP 51901 yenyewe haikufika sokoni. Iliyoendelezwa ni omalizumab, dawa ya jamii hiyo hiyo inayofanya kazi kwa njia ile ile. Hilo nalo ni somo kwa msomaji wa matangazo: dawa inaweza kufaulu hatua ya kwanza na bado isiwe ndiyo itakayowafikia wagonjwa.

Somo la London

Tahadhari zinazozingatiwa leo katika hatua ya kwanza zilipata nguvu mpya kutokana na tukio la Machi 13, 2006, katika Hospitali ya Northwick Park jijini London. Dawa iliyohusika, TGN1412, haikuwa ya mzio, lakini ilikuwa kingamwili iliyobuniwa kuelekeza mfumo wa kinga. Wanaume wanane wenye afya njema walijitolea. Sita walipewa dawa na wawili walipewa kimiminika kisicho na dawa, wakipishana kwa takriban dakika kumi. Katika muda wa dakika 90 hivi, wote sita waliopewa dawa walianza kuugua, kisha hali zao zikawa mbaya kiasi cha kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wote walinusurika, ingawa mmoja alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono.

Dozi waliyopewa ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa nyani. Baadaye ilibainika kwamba seli za kinga zilizolengwa na dawa hiyo zina tofauti muhimu kati ya nyani na binadamu, na hivyo utulivu wa nyani haukuwa ushahidi wa kutosha.

Uchunguzi ulioagizwa na Serikali ya Uingereza ulitoa mapendekezo yake mwaka huo huo, na mwaka 2007 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa mwongozo mpya. Chini ya utaratibu huo, dawa yenye hatari ya aina hii huanzia kwa mshiriki mmoja, naye huangaliwa kwa muda wa kutosha kabla ya mwingine kupewa. Dozi ya kwanza hukadiriwa kwa kuangalia kiwango kidogo kabisa kinachotarajiwa kuleta badiliko lolote kwa binadamu, badala ya kutegemea tu kiwango ambacho wanyama walikistahimili. Kwa hiyo, tangazo linalosema majaribio yanakwenda polepole halipaswi kutafsiriwa kuwa ni uzembe, kwa kuwa mwendo huo ni sehemu ya ulinzi.

Hesabu ya madhara adimu

Pamoja na tahadhari zote hizo, hatua ya kwanza ina mpaka ambao umakini peke yake hauwezi kuuvuka: idadi ya washiriki. Wataalamu wa takwimu hutumia kanuni rahisi. Ikiwa dhara fulani halikuonekana kabisa katika kundi, gawanya 3 kwa idadi ya watu wa kundi hilo ili kupata kiwango cha juu ambacho dhara hilo bado linaweza kuwa nacho. Kwa watu 33, jibu ni takriban asilimia 9. Kwa maneno mengine, hata kama wote 33 wangepewa dawa na asidhurike hata mmoja, utafiti huo haungeweza kuondoa uwezekano wa dhara linalompata mtu mmoja katika kila 11.

Historia ya omalizumab inaipa kanuni hiyo sura halisi. Katika majaribio ya wagonjwa wa pumu yaliyotangulia idhini, mzio mkali wa ghafla uliripotiwa kwa wagonjwa 3 kati ya 3,507. Baada ya dawa kuanza kutumika kwa upana, tathmini ya wagonjwa wapatao 57,300 waliotibiwa kati ya Juni 2003 na Desemba 2006 ilionesha kiwango kisichopungua wagonjwa 2 katika kila 1,000. Dhara la kiwango hicho lina uwezekano wa zaidi ya asilimia 93 wa kutoonekana kabisa katika kundi la watu 33.

Baadhi ya wagonjwa walidhurika saa kadhaa baada ya sindano, na wengine baada ya kutumia dawa kwa zaidi ya mwaka mmoja bila tatizo. Mwaka 2007, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu liwekwe kwenye maelezo ya dawa hiyo, na wagonjwa waangaliwe na wahudumu wa afya baada ya sindano.

Onyo hilo halikuiondoa dawa sokoni, kwa kuwa manufaa yake nayo yalikuwa yamethibitika. Mwezi Februari 2024, mamlaka hiyo hiyo iliidhinisha omalizumab kupunguza hatari ya mzio wa chakula kwa watu wa kuanzia umri wa mwaka mmoja. Katika utafiti ulioiwezesha idhini hiyo, asilimia 67 ya waliopewa dawa waliweza kula miligramu 600 za protini ya karanga bila kupata dalili za wastani au kali, ikilinganishwa na asilimia 7 ya wasiopewa. Hata hivyo, dawa hiyo si ya kutumiwa wakati wa dharura, na anayeitumia anatakiwa kuendelea kujiepusha na chakula kinachomdhuru.

Swali la minyoo

Kwa nchi za Afrika Mashariki, kuna swali ambalo majaribio yaliyofanyika Ulaya na Amerika Kaskazini hayawezi kulijibu yote. IgE ina kazi yake halali mwilini, na inahusishwa na kinga dhidi ya minyoo. Watu wanaoishi mahali penye minyoo ya tumbo au kichocho mara nyingi huwa na IgE nyingi kwenye damu, na kwa wagonjwa wa pumu dozi ya omalizumab hupangwa kwa kuangalia uzito wa mwili pamoja na kiwango cha IgE.

Jambo hilo lilichunguzwa nchini Brazil katika utafiti wa mwaka mmoja uliowahusisha watu walio katika hatari kubwa ya kupata minyoo. Kati ya 68 waliopewa omalizumab, 36 walipata maambukizi, sawa na asilimia 53. Kati ya 69 waliopewa sindano isiyo na dawa, walioambukizwa walikuwa 29, sawa na asilimia 42. Tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kuikataa dawa, lakini inatosha kuonesha kwamba usalama uliothibitishwa katika mazingira fulani unahitaji kupimwa upya pale mazingira yanapobadilika. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuunga mkono tafiti zinazofanyika barani Afrika chini ya usimamizi madhubuti.

Usimamizi na wajibu wa mwananchi

Nchini Tanzania, jaribio la dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pamoja na idhini ya kimaadili, ambayo kwa ngazi ya kitaifa husimamiwa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mwaka 2018, chombo kilichotangulia TMDA kilikuwa cha kwanza barani Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kimefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Ngazi hiyo hutolewa kwa mfumo unaofanya kazi kwa uthabiti.

Mfumo huo hupata nguvu zaidi mwananchi anapoyasoma matangazo kwa maswali sahihi. Washiriki walikuwa wangapi, na walikuwa wagonjwa au watu wenye afya njema? Walifuatiliwa kwa muda gani baada ya dozi ya mwisho? Je, waliishi katika mazingira yanayofanana na ya hapa? Anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa hatari zinazojulikana kwa lugha anayoielewa, kukubali kwa hiari yake, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma anazostahili. Naye anayetumia dawa ambayo tayari imesajiliwa ana wajibu wa kutoa taarifa ya madhara katika kituo cha afya au kwa TMDA.

Wajibu huo wa mwisho huonekana mdogo, lakini ripoti za wagonjwa na madaktari wao ndizo zilizofichua ukubwa wa tatizo ambalo majaribio ya omalizumab yalikuwa yameligusa kwa wagonjwa watatu tu. Hatua ya kwanza hutoa ruhusa ya kuendelea na hatua ya pili. Usalama wa dawa huendelea kupimwa kwa kila mgonjwa anayedungwa sindano, na kwa kila dhara linalotolewa taarifa kwa wakati.